ALAMA ZA MICHEZO NA HUKUMU ZAKE
Maneno juu ya Dadu, Sataranji, Bao na Karata

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemfundisha binadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Bwana wa viumbe, Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limekuwa likiulizwa sana katika baraza za pwani, baada ya alasiri na baada ya isha, swali moja lenye sura mbili. Wa kwanza husema: karata ni karatasi, na dadu ni kipande cha mfupa kilichotiwa nukta, basi uharamu watoka wapi katika karatasi na mfupa? Na wa pili, naye aghalabu ni kijana, husema: hii ya leo si karata wala si dadu, ni alama tu iliyoandikwa katika kioo cha simu; hapana mfupa hapa wala hapana karatasi, basi na hukumu yake imeondoka. Maneno haya yaonekana kupingana, walakini asili yake ni moja, nayo ni kudhani kuwa sharia yatazama kile kishikwacho mkononi. Na sharia haikutazama hicho. Sharia yatazama lile jambo ambalo alama imewekwa ili ilitende.

Na dalili ya hayo ni Maisiri yenyewe, iliyotajwa katika Sura ya al-Baqara aya ya 219 na katika al-Maida aya ya 90 na 91. Watu wengi husoma neno hilo wala hawajui lilikuwa mchezo gani. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa, majira ya baridi na shida, wakinunua ngamia kwa deni, wakamchinja na kumgawa mafungu, kisha wakaleta mishale 10. Katika hiyo mishale, 7 ilikatwa chale: wa kwanza chale 1, wa pili chale 2, na vivyo hivyo mpaka wa saba, ambao ukiitwa al-Mu'alla, nao una chale 7. Na mitatu iliyobaki haikukatwa kitu. Yote ikatiwa katika mfuko, akawekwa mtu wanayemwamini akaitikisa na kuitoa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Mwenye kutokewa na chale 7 huchukua mafungu 7, na mwenye chale 1 huchukua fungu 1. Na mwenye kutokewa na mshale mtupu hapati hata kipande, tena ndiye atozwaye bei ya ngamia. Katika riwaya ya al-Asma'i mafungu yalikuwa 28, kwani ukijumlisha 1 na 2 na 3 hata 7 utapata 28.

Basi mtazame mtu huyu aliyetozwa bei ya ngamia mzima. Hakufanya kazi mbaya, wala hakununua kitu kibaya, wala mwenzake hakumshinda kwa akili wala kwa nguvu. Amelipa kwa sababu kijiti hakikuwa na chale. Na aliyekula mali yake hakumpa bidhaa wala huduma wala fadhila. Hili ndilo lililoharimishwa. Tena yataka ijulikane kuwa watu wale walikuwa wakiwapa masikini nyama hiyo, wala wao wenyewe hawaili, wakajifakhiri kwayo na kumtukana asiyeingia pamoja nao. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu katika al-Baqara akataja kuwa mna manufaa kwa watu, na juu ya hayo akasema kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi asije mtu leo akatoa hoja kuwa makampuni ya kamari huchangia hospitali na timu za mpira. Hoja hiyo ilikuwako kabla yake, na ikajibiwa.

Na mishale ilikuwako ya namna nyingine, ya kupigia bao la ramli: mmoja umeandikwa kuwa Mola ameamrisha, wa pili umeandikwa kuwa Mola amekataza, na wa tatu hauna kitu. Mtu akitaka kusafiri au kuoa huutoa mmoja akafuata uliomtokea. Nao ndio al-azlam walioharimishwa katika aya hiyo ya al-Maida. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume (S.A.W.) alikuta ndani ya al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail zimetiwa mishale hiyo mikononi, akawaapiza waliozichora, na kusema kuwa walijua hakika ya kuwa wawili hao hawakupata kuitumia kabisa. Imepokewa na al-Bukhari.

Ama dadu, asili yake katika vitabu vya sharia ni mchezo wa nardi, uliotoka Uajemi: ubao wa nyumba 24, kete 30 kwa wachezaji wawili, na dadu mbili. Al-Mas'udi, yule mwanahistoria aliyesafiri katika bahari ya Zinji akarejea Oman kutoka Qanbalu mwaka 304 (916), ametaja kuwa walioutunga walifananisha kete 30 na siku za mwezi, na dadu mbili na kudura inayowageuza watu wapendavyo na wasivyopenda. Ni mfano mzuri kwa mwenye kuusikia, lakini ndani yake mna ila: mchezaji anafundishwa kukaa kumngojea mfupa amwambie aende wapi.

Juu ya mchezo huu imepokewa Hadithi sahihi katika Muslim kutoka kwa Buraida, kuwa mwenye kuucheza ni kama aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Na katika Muwatta na Abu Daud, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kuwa mwenye kuucheza amemwasi Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wala hapana katika Hadithi hizi mbili sharti ya mali. Kwa hivyo katika madhhabu ya Imam Shafi'i lililosahihishwa ni kuwa nardi ni haramu japo haikuwekwa hata senti moja. Abu Ishaq al-Marwazi alisema ni makruhu tu, na kauli yake imeandikwa vitabuni, walakini si yenye kutegemewa.

Ama sataranji, hii ilitoka Bara Hindi ikaingia Uajemi, kisha Waarabu wakaipokea baada ya kufunguliwa nchi hizo, wala haikuthubutu Hadithi yoyote sahihi ya Mtume (S.A.W.) inayoitaja kwa jina. Ndipo maulamaa wakahitalifiana. Imam Malik na Imam Ahmad waliiharimisha, na kwa Mahanafi ni makruhu ya kuharimisha. Imam Shafi'i (aliyekufa mwaka 204, yaani 820) hakuipenda, walakini akaiona kuwa ni nyepesi kuliko nardi, naye akataja kuwa mchezo si kazi ya watu wa dini na muruwa. Kwa hivyo hukumu yake katika madhhabu ni makruhu, nayo hugeuka haramu kwa mambo yanayojulikana: kuwekewa mali na pande zote mbili, au kumpitishia mtu sala wakati wake, au kuchanganywa na matusi na viapo vya uongo. Na liko jambo la nne ambalo watu wa pwani hulisahau, nalo latajwa na maulamaa wetu wa mwisho: Mshafi'i akicheza na mtu ambaye katika madhhabu yake ni haramu, basi na kwake yeye huwa haramu, kwani amemsaidia mwenzake juu ya kitu anachokiitakidi kuwa ni maasia. Na katika miji ya pwani Mshafi'i na Mhanafi ni jirani wa ukuta mmoja, duka kwa duka.

Kuna habari ipokewayo kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kuwa aliwapitia watu wakicheza sataranji akawauliza ni sanamu gani hizi walizozielekea. Isnadi yake imesemwa kuwa imekatika, lakini maana yake imewafungua macho maulamaa katika jambo la sura. Wakasema: kete zikiwa na umbo la mnyama au mtu, huingia uharamu mwingine usiokuwa wa mchezo. Na kwa sababu hii mafundi wa nchi za Kiislamu wengi walichonga kete zisizo na sura. Seti moja ya namna hiyo, ya Nishapur, ya karne ya 12 ya miladi, iko hata leo katika jumba la Metropolitan mjini New York: shaha ni kama kiti, na ndovu ni kinundu chenye pembe mbili fupi. Zilipofika Ulaya, Waingereza walizitazama pembe mbili zile za ndovu, nao hawakumjua ndovu, wakadhani ni kofia ya askofu, wakaiita kete hiyo askofu mpaka leo. Hali Wahispania wangali wanaiita alfil, ambalo ni neno la Kiarabu lenyewe. Firzani, waziri wa shaha, akageuzwa akawa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu za kwenda atakako. Alama zimegeuka na majina yamegeuka, na hukumu ya maulamaa imebaki palepale.

Na msingi wa tofauti baina ya nardi na sataranji umeelezwa na Imam ar-Rafi'i (aliyekufa mwaka 623, yaani 1226). Alikuwa akizungumza juu ya mchezo wa mashimo na vijiwe, ambao Waarabu waliuita al-hazza, na watu wa Misri huuita manqala; na mwenye kusikia jina hilo na kuambiwa habari ya ubao uliochimbwa safu za mashimo na kutiwa kokoto, hatakosa kulikumbuka bao la nyumbani kwao. Maulamaa walikuwa wamehitalifiana: wengine waliutia pamoja na nardi, na wengine pamoja na sataranji. Ar-Rafi'i akatoa kipimo: mchezo ambao mategemeo yake ni yale yatokayo katika dadu mbili, huo ni kama nardi, na ambao mategemeo yake ni kufikiri, huo ni kama sataranji.

Hiki ndicho kipimo cha kila mchezo. Lipime kwacho bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Hapana dadu, wala hapana kilichofichwa. Kila kete yaonekana na wote wawili, tangu namua mpaka mtaji. Anayeshindwa ameshindwa kwa hesabu. Basi bao liko upande wa sataranji, na kadhalika dama. Lakini ludo, ijapokuwa wachezaji wake ni watoto na rangi zake ni za kupendeza, mwendo wote ni wa dadu, nayo iko upande wa nardi. Wazazi wengi hulichukia bao kwa kuwa ni mchezo wa wazee wavivu, na ludo huwanunulia watoto wao madukani. Wamegeuza mambo juu chini.

Ila mwenye bao naye asifurahi mno. Wakati wa bao kwa desturi ya pwani ni baina ya alasiri na magharibi, na sala hizi mbili ndizo zinazoliwa na ubao. Mtu husema namalizia mtaji huu mmoja, na mtaji huzaa mtaji, na mwadhini amekwisha shuka. Na imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa mwenye kupitwa na sala ya alasiri ni kama aliyenyang'anywa watu wake na mali yake. Mchezo ambao asili yake ni makruhu huwa haramu kwa dakika chache hizo, wala hapana aliyeweka mali.

Ama karata, habari yake ni ndefu na ina ajabu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul ziko karata za zama za Mamluki wa Misri, ambazo zilipokamilika zilikuwa 52, kwa alama nne: dirhamu, vikombe, panga, na fimbo za mchezo wa mpira wa farasi. Zina mfalme na naibu na naibu wa pili, lakini kwa maandishi tu. Hapana sura ya mtu. Mwishoni mwa karne ya 14 karata zilienea Ulaya kusini, na Wahispania wangali wanaziita naipes, jina ambalo wengi hulirudisha kwenye neno naibu. Watu wa huko hawakuijua ile fimbo ya mpira wa farasi, wakaichora rungu. Kisha Wafaransa, katika karne ya 15, wakachora alama zao nyepesi za kupiga muhuri kwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi, nazo ndizo zilizoenea dunia nzima.

Sasa msikilize mchezaji wa pwani azitaje. Husema uru, na kopa, na shupaza, na pao. Maneno haya ni ya Wareno, walioanza kufika pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498, kama lilivyo neno karata lenyewe. Uru ni dhahabu, kopa ni kikombe, shupaza ni upanga, na pao ni gongo. Mtu ameshika mkononi picha ya moyo mwekundu wa Kifaransa, na mdomoni asema kikombe, na kikombe hicho ni kile cha Misri! Karne tano na zaidi zimepita, alama imebadilishwa na lugha imebadilishwa, na mchezaji angali akichezea fedha ileile na upanga uleule asiouona.

Na hukumu ya karata ni kwa kipimo cha ar-Rafi'i, wala haiwi moja, kwani karata si mchezo mmoja bali ni vyombo vya michezo mingi. Ile ambayo mtu hufunuliwa karata akashinda au akashindwa kwa kufunuliwa tu, hiyo ni nardi yenye sura ya karatasi, na ni haramu bila mali, seuze kwa mali. Na ile ambayo mchezaji hukumbuka zilizotupwa, akahesabu zilizobaki, akashirikiana na mwenzake, kama ule uitwao wahedi wa sitini, hiyo ina fikra nyingi. Lakini mgao wake wa kwanza ni bahati, kwani hapana aliyechagua karata zake. Mwenye kusema kuwa hiyo nayo ni haramu ana hoja, na mwenye kuitia katika makruhu ana hoja, na mwenye kuiita halali safi hana. Dhumna vilevile, kwa kuwa vipande hulazwa kifudifudi vikachaguliwa kwa kubahatisha, kisha huchezwa kwa hesabu.

Yamebaki maneno ya yule kijana na simu yake. Ni kweli kuwa michezo sasa imekuwa herufi. Kanuni ya herufi za kompyuta iitwayo Unicode, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, ina alama 12 za sataranji, 6 nyeupe na 6 nyeusi, na alama za uru na kopa na shupaza na pao. Nyuso 6 za dadu zilitiwa mwaka 2002, vipande vya dhumna mwaka 2008, na karata zenyewe moja moja mwaka 2010. Kuziandika alama hizi katika kitabu cha kufundishia, au katika barua, si kucheza, wala hapana aliyesema kuwa mwenye kuandika nukta 6 amecheza nardi. Kama ingekuwa hivyo, mafakihi walioeleza nardi katika vitabu vyao wangekuwa wa kwanza kulaumiwa.

Lakini alama ikifanywa itende, basi imetenda. Imepokewa kuwa Said bin Jubair, tabii aliyeuawa mwaka 95 (714), alikuwa akicheza sataranji hali ameupa ubao mgongo, haugusi wala hauoni. Huuliza mwenzake amesogeza nini, kisha hutaja kete asogezewe. Basi huyu alicheza bila ya kushika kitu, kwa majina matupu, wala hapana mwanachuoni aliyesema kuwa hakucheza. Bali Mashafi'i walilitoa tendo lake hilo kuwa ni hoja katika mlango wa sataranji. Ikiwa kwa majina tu amehesabiwa kuwa amecheza, basi na mwenye kucheza kwa alama za kioo amecheza. Sataranji ya simu ni sataranji, na dadu inayotupwa na mashine ni dadu. Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kutoa habari ya watu watakaokunywa ulevi wakauita kwa jina lisilokuwa lake.

Na jina lililo baya kupita yote kwa watu wa pwani ni hili la mkeka. Mkeka ni kitu anachokalia mwanafunzi mbele ya mwalimu wake, na anachosalia mtu asiye na zulia, na anachotandikiwa maiti. Leo vijana huiita mkeka ile karatasi ya kubashiri mipira, iwe ya kushika au ya katika simu, wakasema mkeka wangu umechanika, yaani fedha yangu imeliwa. Mishale ile ilikuwa 10, na ngamia alikuwa mmoja, na mchezo ulikuwa wa majira ya baridi. Huu wachezwa usiku na mchana, na mtu peke yake chumbani, mkewe hajui, mpaka ada ya skuli ya watoto imekwisha. Wala asiseme mtu kuwa yeye aijua mipira, naye hubashiri kwa fikra, kwa hivyo ni kama sataranji. Fikra huiondolea sataranji uharamu wa nardi. Haiondoi uharamu wa mali. Sataranji yenyewe ikiwekewa mali na pande zote mbili ni kamari kwa ijmai.

Katika mlango huu wa mali mna kosa lingine ambalo watu wema huingia bila ya kukusudia. Katika mitaa hufanywa mashindano ya mpira, au ya bao, au ya karata, kila timu hutoa kiingilio, na viingilio hukusanywa akanunuliwa mbuzi au kikombe kwa mshindi. Hii ni kamari, japokuwa mbuzi atachinjwa akaliwa na mtaa mzima, kama alivyoliwa ngamia wa Maisiri. Imepokewa kuwa hapana tunzo ya kushindania ila katika ngamia na farasi na mishale, na katika hivyo navyo, wakitoa mali wote wawili, sharti aingie wa tatu asiyetoa kitu, naye aweza kuwashinda wote. Tunzo ikitoka kwa mtu wa nje asiyecheza, akampa amtakaye kuwa ni hiba, hapo si kamari.

Ama aliyekwisha kuipata mali hiyo, toba yake haitimii kwa ulimi. Mali ya kamari haikuingia katika milki yake. Ni ya aliyeliwa, na ni wajibu kumrudishia akijulikana, au kuwarudishia warithi wake akiwa amekufa. Wasipojulikana, itatolewa katika maslahi ya Waislamu au wapewe masikini, si kwa kutaka thawabu ya sadaka, bali kwa kuivua dhima. Na aliyenunulia kitu, kama dau au shamba, atazamwe alinunua vipi: akiwa aliifunga biashara juu ya fedha hiyo yenyewe, akasema nauziwa kwa fedha hizi, basi mauzo hayakusihi, na chombo ni cha aliyekiuza. Na akiwa alinunua kwa bei iliyo juu ya dhima yake, kisha akalipa kwa fedha hiyo, basi chombo ni chake, na deni la muuzaji lingali shingoni mwake, na fedha ya aliyeliwa nayo ingali shingoni mwake, mpaka azitoe zote mbili.